Usiniambie Shifta Fupi

Siku niliyomwambia abti yangu kwamba nimemletea shifta kutoka Nairobi, aliweka kikombe cha chai chini akaniangalia kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Umeniletea nini?"

"Shifta, abti. Shifta fupi. Ya gia."

Mtu wa Liboi halisikii neno hilo unavyolisikia wewe. Wewe uliye Roysambu au Pipeline, shifta ni kifaa: mkono wa gia uliofupishwa, unabadilisha gia kwa kiganja tu, tak-tak, video inaenda TikTok. Kwa abti, shifta ni jina ambalo serikali iliwabandika watu wake. Vita vya 1963 hadi 1967, Wasomali wa Kaskazini Mashariki walipotaka kujiunga na Somalia, viliitwa Vita vya Shifta, na shifta maana yake ni jambazi. Vita viliisha, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mkoani hadi 1991. Abti alizaliwa chini ya sheria hizo na akawa mtu mzima kabla hazijaondolewa.

Nilicheka, nikamweleza. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo mimi husema mkono mfupi wa gia, na ndivyo nitakavyosema hapa. Lakini neno halikuwa kosa pekee. Kifaa chenyewe kilikuwa kosa, na aliyekinunua, yaani mimi, ndiye aliyekosea zaidi. Kwa hiyo makala haya ni ugomvi na watu kama mimi.

Nasema hivi: mkono mfupi wa gia, jinsi sisi vijana wa mjini tunavyoununua na kuuweka kwenye magari makuukuu, mara nyingi hauboreshi gari. Unaficha ugonjwa wake. Tunabadilisha kile kinachoonekana, tunaacha kile kinachobeba kazi, halafu tunaita hiyo "upgrade".

Unawajua hawa wasee, na kama huwajui, fungua simu. Jumapili wamepanga magari kwenye parking ya duka kubwa, boneti zote ziko juu. Golf ya zamani, Impreza ya mlango wa nyuma, Vitz iliyoshushwa hadi inalamba lami. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kila mwaka msafara wao unajaza barabara ya Naivasha. Ndani ya gari, kamera inashuka taratibu hadi kwenye kirungu cha gia: cha alumini, cha mbao, chenye taa ya buluu ndani. Mkono unasukumwa, unavutwa. Maoni chini yanasema moto, moto, moto.

Sina shida na urembo. Shida yangu ni uongo kwamba urembo ule ndio ufundi wa wale madereva wa Naivasha. Gari la rally la daraja la juu lina giaboksi ya mfuatano: unavuta mkono, gia inapanda, unausukuma, inashuka. Meno yake ya ndani yametengenezwa yagongane bila huruma, na timu ya mafundi inaifungua na kuikagua kila inapobidi. Gari lako la mtumba lina sinkro, pete ndogo zinazosawazisha kasi ya gia mbili kabla hazijashikana. Pete hizo zinahitaji muda. Ukichukua mkono wa mbio ukaufunga juu ya giaboksi ya kwenda sokoni, umenunua kivuli cha kitu.

Sasa niruhusu dakika moja ya darasani, ingawa darasa lenyewe sikulimaliza. Niliacha uhandisi mwaka wa pili, karo ilipokwisha na hamu pamoja nayo. Lakini nyenzo niliielewa. Mkono wa gia ni nyenzo. Una sehemu ya juu unayoshika, una egemeo katikati, una sehemu ya chini inayovuta kebo. Kwenye magari mengi madogo kebo ni mbili: moja inachagua mstari, kushoto au kulia, nyingine inaingiza gia, mbele au nyuma. Ukitaka safari ya mkono iwe fupi, unapunguza sehemu ya juu au unarefusha ya chini. Hakuna uchawi mwingine.

Na hakuna cha bure. Tuseme kiganja chako kilikuwa kinasafiri sentimita 12 kuingiza gia, sasa kinasafiri 8. Nguvu unayotumia imepanda mara moja na nusu. Archimedes alilijua hilo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, wala hakuwa na akaunti ya Instagram. Ile hisia ya "mkono mzito, wa kiume" ambayo muuzaji anakusifia ni wewe kufanya kazi zaidi. Na kama sinkro zako zimechoka, unazilazimisha zimalize kazi kwa muda mfupi zaidi. Gia inaanza kulia. Unasema gari lina sauti ya mbio. Hapana, ndugu yangu. Gari linalia kweli.

Haya yote niliyajua. Bado nikanunua.

Gari la abti ni Probox ya mwaka 2007, gia za mkono. Najua wapenda magari watanirukia: Probox si hatchback, ni gari la mizigo. Sawa. Ina milango minne na mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na Kaskazini Mashariki mlango huo umepitisha mbuzi, mitungi ya gesi, magunia ya sukari na wagonjwa. Toyota ilianza kuiunda mwaka 2002 kwa ajili ya watu wa kampuni za Japani kupeleka bidhaa na makaratasi. Kenya hairuhusu kuingiza mtumba uliozidi miaka 8, lakini likishaingia hakuna anayelihesabia miaka. Linaishi maisha ya pili, ya tatu. La abti limeinuliwa springi za nyuma, limefungwa bamba la chuma chini ya injini, viti vya nyuma vimeondolewa na kurudishwa mara nyingi kiasi kwamba mashimo ya skrubu yamekuwa mapana kama kidole. Hilo ndilo gari lililofanyiwa mabadiliko. Hakuna aliyelipiga picha.

Mkono wake wa gia ulikuwa umelegea. Ukiingiza gia ya tatu, mkono unaendelea kutembea kama kijiko ndani ya uji. Abti alikuwa amezoea. Mimi, kijana wa Nairobi, nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaagiza mkono mfupi mtandaoni, shilingi 9,500, uliotengenezewa gari jingine. Muuzaji aliniandikia "unaingia bila shida" na kuweka ishara ya dole gumba. Niliufunga mwenyewe, uani kwa abti, kwa spana za kuazima. Haukuingia bila shida. Nilipanua tundu, nikaongeza washa, nikapinda kipini cha kebo kidogo. Ile pembe ya kebo ilikuwa imebadilika. Niliiona kwa macho yangu. Nikajiambia itakaa.

Ilikaa hadi Garissa. Abti alifurahi kwa namna yake: alisema, "Imekuwa ngumu, lakini haichezi." Siku ya pili tukarudi, watu saba na mizigo. Mama mmoja alikuwa anamtoa mtoto wake hospitali. Kuna mzee aliyekuwa na redio mapajani njia nzima. Mchana wa Garissa unaujua, au umeusikia: joto linalofanya usukani uwe sufuria. Baada ya mji, njia ya kwenda Dadaab na Liboi ina vipande virefu vya mchanga na mawimbi madogo yanayotikisa gari mpaka meno yako yanagongana. Vumbi lile linaingia kwenye egemeo la mkono wa gia, linachanganyika na grisi, na grisi yenye mchanga si grisi tena, ni msasa.

Tukiwa tumeshaipita Kulan, mkono uliachia. Hakukuwa na mlio wowote wa ajabu. Abti alitaka kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili kabla ya mchanga mzito, na mkono ukamfuata tu, mwepesi, kama umeng'oka kwenye maziwa. Kipini cha kebo kilikuwa kimechomoka. Gari likabaki gia ya tatu, likaingia mchangani, likazimika. Alijaribu kuondoka na gia ileile. Klachi ikaanza kunuka. Akaacha.

Lazima ujue ni barabara gani hii. Ndiyo njia ambayo jeshi la Kenya lilipitia Oktoba 2011 kuingia Somalia, kupitia Liboi hadi Dhobley ng'ambo ya pili. Mwaka 2017 polisi waliuawa kwa bomu la kutegwa kati ya Liboi na Kulan. Watu wa huku wanapanga safari kwa kuangalia jua. Jua lilikuwa limeinama. Hakuna aliyesema chochote. Mzee alizima redio.

Abti alifungua boneti, akatoa boksi la chujio la hewa, akaingiza bisibisi ndefu hadi kwenye kikono cha giaboksi. Mimi nilisukuma gari mbele na nyuma, inchi kwa inchi, huku yeye akilazimisha gia ya pili iingie kwa mkono. Ilipoingia akafunga boneti. "Abti," akaniambia, "tunayo moja. Tunakwenda na hiyo." Gia ya pili pekee. Hakuna ya kwanza, hakuna ya tatu. Hakuna rivasi.

Magharibi imeingia, tukafika kwenye kizuizi cha polisi. Sasa jiweke mahali pa yule askari. Gari limejaa, linakuja polepole, injini inanguruma juu kuliko mwendo wake, linatoa harufu ya kuungua, taa zinayumba. Limepita kidogo mstari ambao magari husimama. Akainua bunduki na kupiga kelele: "Rudi nyuma! Rudi nyuma!"

Nyuma kwa gia gani?

Abti alizima injini, akatoa mikono yote miwili dirishani. Nasi tukatoa mikono, kila mtu upande wake, yule mama akainua wake mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa umemshika mtoto. "Afande," abti akasema, taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyelala, "gari halina rivasi. Gia imekatika. Turuhusu tulisukume." Sijui tulikaa kimya kwa muda gani. Mwishowe askari akaniamuru nishuke, akamulika kifua changu, akamulika ndani, akaona mtoto. Abti akakanyaga klachi, nami na wanaume wengine wawili tukalirudisha gari nyuma kwa mikono. Yule askari hakutukosea. Alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi nilivyofanya yangu.

Hiyo ndiyo bei ya kile kirungu. Kila ninapoona mtu anasema kwenye video kwamba mkono wa gia ni "personality ya gari", nakumbuka mkono wa yule mama ulioinuliwa.

Asubuhi, fundi mmoja wa Liboi, mtu aliyekuja kutoka Ukambani miaka mingi iliyopita, aliutazama mkono wangu wa alumini, akautoa, akaniwekea mapajani bila neno. Akarudisha ule wa zamani. Kisha akafanya kile ambacho mimi, mwanafunzi wa nyenzo, sikukifanya: alitafuta ulegevu unatoka wapi. Si kwenye mkono. Bushi za mwisho wa kebo zilikuwa zimeliwa zikaisha, na mpira mmoja unaoshikilia injini ulikuwa umepasuka, kwa hiyo injini nzima ilikuwa inainama kila ukikanyaga mafuta na kuivuta kebo pamoja nayo. Alichonga bushi mbili kutoka kwenye mpira wa shokamzoba kuukuu, kwa kisu, akizipima kwa jicho. Akasafisha egemeo kwa petroli, akapaka grisi mpya. Alipomaliza, mkono ule wa kiwanda, mrefu, wenye kirungu kilichofutika namba, uliingia gia kama mlango wa friji mpya.

Hapa nina ugomvi na makundi mawili. La kwanza ni lile linaloangalia kazi ya yule fundi na kucheka: "jua kali". Kijana wa Nairobi akipanua tundu kwa drili ili kifaa cha gari jingine kiingie, ni "custom". Fundi wa Liboi akichonga bushi inayofanya kazi, ni kubahatisha. Tofauti ni taa ya buluu na lafudhi.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linajiona lina moyo mzuri. Ni wale watakaosoma hapa na kuandika, "Wow, ubunifu wa watu wetu." Acheni. Nilimsifia fundi hivyohivyo, na alinijibu bila kuniangalia: "Hii ni ya kukufikisha Garissa. Ukifika nunua ya kiwanda." Alijua mpira wa shoka hautadumu. Anachonga kwa sababu bushi halisi iko Kirinyaga Road, Nairobi, na kati yake na hiyo barabara kuna siku nzima ya safari na nauli. Ukiugeuza uhaba wake kuwa sanaa, umemwondolea mtu mwingine wajibu wa kuumaliza.

Na mtu huyo mwingine tunamjua. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yatakayorudisha faida kubwa, yenye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini haikuwa mojawapo. Tangu hapo serikali moja baada ya nyingine imetufanyia kile nilichomfanyia abti. Mei 2023 ilitangazwa kwamba mpaka wa Kenya na Somalia, uliofungwa kwa zaidi ya muongo mmoja, utafunguliwa kwa awamu. Picha zikapigwa, mikono ikashikwa. Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi, ufunguzi ukaahirishwa. Sisemi usalama ni mzaha. Nimesimama mbele ya ile bunduki. Nasema tangazo lilikuwa kirungu kipya juu ya kebo iliyochomoka. Mkono ulisogea. Magurudumu hayakusogea.

Najua mtakachonijibu. "Ni gari langu, ni pesa yangu." Ni kweli, na kama unaendesha peke yako kwenye uwanja wa mbio, fanya utakalo. Lakini gari la barabarani lina watu ndani na watu mbele. Na kuna jibu la pili, lenye nguvu zaidi: ipo mikono mifupi mizuri, iliyotengenezewa gari husika, ikafungwa na anayejua. Nakubali. Nimeendesha gari moja la namna hiyo na sitasahau. Lakini mwenye gari alikuwa ameanza chini. Alibadilisha mafuta ya giaboksi kwanza, akafuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana baadhi ya mafuta makali hula pete za sinkro za shaba. Akahakikisha klachi inaachia kabisa. Akaweka mipira mipya ya injini. Akaweka bushi mpya za kebo. Akaendesha miezi. Mwisho kabisa, wakati hakuna kitu kilichokuwa kinacheza, ndipo akafupisha mkono. Vyaelea vimeundwa. Sisi tunaanzia juu kwa sababu bushi haionekani kwenye video. Hakuna anayempongeza mtu kwa mpira wa shilingi mia nne ulio chini ya boksi la betri.

Basi fanya jambo moja. Leo, kabla hujaagiza chochote, kaa kwenye gari lako likiwa limezimwa mahali tambarare. Vuta handibreki. Ingiza gia ya tatu, kisha tikisa mkono kwa vidole viwili, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ukiona unatembea, lala chini ya gari au mwite fundi, ufuate ule ulegevu hadi mwisho wake. Pesa ya kirungu ipeleke huko. Halafu ingiza rivasi. Hakikisha inaingia, kila mara, bila kubembeleza.

Mkono wangu wa alumini bado uko Liboi. Nilitaka kurudi nao Nairobi niuuze, abti akakataa. Ameupigilia ardhini uani kwake na hufungia mbuzi. Nilipompigia simu mwezi uliopita, nilimuuliza bushi za kiwanda nilizomtumia zinaendeleaje. Akasema vizuri, gia zote zinaingia.

"Na shifta yako pia iko salama," akasema, akacheka mara ya kwanza kwa neno hilo. "Haichezi kabisa."